Avoka ya Mama Mkwe na Moyo wa Mayonezi

Mama Geneviève mpendwa, nakuandikia huku nacheka na kulia kwa pamoja, na ninakusihi unishike mkono kabla sijaizamisha ndoa ambayo bado inanukia marashi ya harusi. Tafadhali usitaje jina langu, maana hapa Uvira, mtaa wa Rugenge, kila dirisha lina redio na kila redio inasikiliza kipindi chako.

Kabla ya shida niruhusu nianze na raha, kwa sababu usipoijua raha yangu hutaielewa shida yangu. Mimi ni mke mpya. Nimeolewa na Rémy, fundi wa nguo, na sijui nianzie wapi kukueleza juu ya Rémy, ila akikanyaga cherehani mimi nasikia ngoma, akiniita "chérie" kutoka barazani nasahau kama nimekwisha kutia chumvi, na asubuhi akitoka kwenda kazini, na kazi yenyewe ni meza iliyo hapo hapo mbele ya mlango wetu, mimi namsindikiza na kumpungia mkono kama mtu anayepanda meli kwenda Kalemie. Majirani wanacheka. Wacheke tu, Mama, wao wamezoea waume zao.

Tulikutana kwa ajili ya harusi ya rafiki yangu, Rémy akiwa ndiye mshonaji wa nguo za wasindikizaji wa bibi-harusi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Siku ya kunipima kiuno aliona haya mpaka akafumba macho, na vipimo vya mtu aliyefumba macho unavijua, nguo yangu ilitoka pana kama hema la maombi. Nilienda nayo harusini hivyo hivyo, nimeishika kwa pini huku na huku. Kwenye chakula nikaona kijana anakuja kwangu na sahani ya saladi, kabeji, karoti, nyanya, mayai, na juu yake amechora kwa mayonezi moyo mzima, mweupe, pande zote mbili sawasawa kama umekatwa kwa mkasi. Akaniambia, "Dada, nguo niliikosea. Hii sijaikosea." Mama Geneviève, niliula moyo ule kuanzia nchani, polepole, na nilipofika katikati nilikuwa nimekwisha kumpenda.

Sasa unaelewa kwamba nyumbani kwetu mayonezi si kitu cha kupakwa tu kwenye kabeji. Kila jioni mimi natengeneza saladi, Rémy anachora moyo, tunaula kila mtu kutoka upande wake mpaka vijiko vinagongana. Siku ya furaha anachora miwili. Kopo linakaa kabatini karibu na picha yetu ya harusi, na kabla ya Jumapili nyingine kufika linakuwa tupu, tunanunua jingine.

Halafu Rémy akaanza kunenepa. Mwanzoni nilitembea kifua mbele, kwa sababu wewe unajua hapa kwetu mume akibaki mwembamba baada ya harusi watu wanauliza kama bibi anajua kupika, na wa kwangu kila aliyepita alikuwa anasema, "Eeh, bibi-arusi, unamutunza bwana!" Lakini suruali ya harusi ikakataa kufunga. Akaifumua kiunoni, ikafunga. Ikakataa tena, akafumua tena. Mwisho akaingiza kipande cha kitambaa kingine huku nyuma, akawa anakificha kwa koti hata jua likiwa kali, na jioni moja akakaa kitandani akaniambia kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Chérie, hakuna tena mahali pa kufumua."

Na hapa ndipo avoka zinapoingia, yale maparachichi ambayo sisi huku tunayaita avoka. Mama yake Rémy, Mama Agathe, anakaa Makobola, na tangu tuoane alikuwa anatuletea kikapu cha avoka kwa mikono ya akina mama wanaokuja kuuza samaki mjini. Ni avoka kubwa, nzito, ngozi laini. Mimi sikuzizoea, kwetu tuliziona ni kitu cha kuziba njaa mpaka chakula kiive, kwa hiyo nilikuwa nazigawa kwa majirani, na nyingi zaidi nilimpa Jolie, mwenzangu wa ukuta kwa ukuta. Jolie huyo huyo, huku anakula, ndiye aliyeniambia, "Weye unaangalia tu? Bwana yako anavimba, na kila juma kikapu cha avoka kinaingia mu nyumba. Avoka iko mafuta matupu! Ikate tu, uone namna mukono unateleza."

Mama Geneviève, mimi nilimaliza shule ya sekondari katika biolojia na kemia, siwezi kuhukumu tunda kwa maneno ya ukutani. Nikachukua kopo la mayonezi, nikasoma karatasi yake: kijiko kimoja, mafuta gramu kumi na moja. Nikafungua simu, nikatafuta avoka: avoka moja, mafuta gramu thelathini. Nikahesabu mara mbili. Karibu mara tatu! Nilisikia kama nimerudi darasani na mwalimu anawaambia wenzangu wanipigie makofi. Mayonezi haikuwa na kosa lolote, Mama, mwizi wa kiuno cha mume wangu alikuwa anakuja na kikapu kutoka Makobola. Nililibusu lile kopo.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Katika ukoo wa Rémy kuna desturi kwamba mama mkwe anakuja kula kwa bibi-harusi mara ya kwanza akiwa na mwiko mpya wa kusongea bugali, na akishiba anamkabidhi bibi-harusi mwiko huo mbele ya mume, akisema, "Tangu leo tumbo la huyu ni lako." Kabla ya siku hiyo unapikia mwiko wa kuazima. Mimi nilikuwa natumia wa Jolie.

Mama Agathe akaja Jumapili baada ya misa, mwiko ameufunga mgongoni kwa kikwembe kama mtoto mchanga, na kikapu cha avoka mpya kichwani. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mara mbili. Nilipika bugali, samaki mukeke wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo, na katikati ya meza saladi ambayo Rémy aliichorea moyo mkubwa kuliko yote ya maisha yetu, uligusa kingo za sahani. Tukasali. Mama Agathe akaangalia meza yote, akatabasamu.

"Mutoto wangu, meza yako iko muzuri. Na avoka zangu ziko wapi? Sizioni hata kipande."

"Mama, tunagawia majirani."

"Zinafika zimeoza?"

"Hapana, Mama, zinafika nzuri sana."

Ningenyamaza hapo. Chini ya meza Rémy alinikanyaga mguu, mimi nikafikiri ni mapenzi, nikamkanyaga na mimi. Nikaendelea kwa furaha, "Ni kwa ajili ya afya ya Rémy, Mama. Nimepima. Avoka moja iko na mafuta karibu mara tatu ya mayonezi. Ni sayansi."

Mama Agathe akaliangalia kopo, akauangalia ule moyo, akaniangalia mimi. "Weye, huu muti wa avoka hizi, unaujua?"

"Mama, mti ni mti. Mafuta ni yale yale."

Rémy akanikanyaga tena, kwa nguvu, nami nikamjibu kwa nguvu hiyo hiyo nikitabasamu. Mama Agathe akanawa mikono, Mama Geneviève, akanawa mikono ambayo ilikuwa haijagusa hata tonge moja. Akasimama.

"Minye nilizaa muntu," akasema. "Sikuzaa mafuta."

Akaokota mwiko wake, akaufunga tena mgongoni. Rémy akamwambia, "Mama, kaa basi, hakujua." Akajibu, "Najua hakujua. Weye ulijua, na mudomo wako uko hapo hapo umejaa saladi." Kisha akanigeukia mimi. "Huu mwiko narudi nao. Utafute mama mukwe mwenye sayansi, akupatie wa plastiki." Akabeba na kikapu. Mlangoni akatuaga kwa heshima, akatuombea Jumapili njema, na heshima hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko maneno yote.

Alipokwisha kuondoka ndipo Rémy akanieleza. Mama yake alipokuwa na mimba yake alikula avoka, akalitunza kokwa, ile mbegu kubwa ya ndani, akaliweka kwenye udongo likachipua, na Rémy alipozaliwa, kitovu chake kilipoanguka, walikizika katika shimo moja na ule mche. Kwao kila mtoto ana mti wake. Kile kikapu cha kila juma, Mama, kilikuwa kinatoka kwenye mti wa kitovu cha mume wangu, na mimi nilikuwa nampa Jolie. Rémy alijaribu kucheka, akaniambia, "Chérie, umemwambia mama kwamba kitovu changu kina mafuta," lakini kicheko kilimkatikia njiani.

Tangu hapo kikapu hakiji. Mama Agathe akipigiwa simu anapokea, anauliza hali ya hewa ya Uvira, anakata. Mawifi zangu wananiita Bibi Gramu. Jolie naye anadai mwiko wake, anasema amechoka kuja kusonga bugali yake jikoni kwangu kama mtu wa kambini. Mimi ni bibi-harusi asiye na mwiko, na katika ukoo ule, bila mwiko, harusi yangu ni kama suruali isiyofunga.

Na bado kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu avoka ziache kuja, nazitamani. Mimi, ambaye nilikuwa sizigusi! Naenda kwa Jolie nakula zile zile nilizompa, za mwisho mwisho, kwa chumvi, nimesimama nyuma ya mlango wake, na nikimaliza nalamba ganda. Mayonezi nayo imenigeuka. Harufu yake tu, asubuhi hasa, tumbo linapanda. Juzi Rémy alitaka kunifariji, akachora moyo, mzuri, na mshale ndani yake, na mimi nikaziba mdomo nikakimbilia nje. Niliporudi alikuwa amelifunga kopo. Akaniuliza kwa upole, "Moyo wangu umekuchosha?" Nikataka kumjibu nikakimbia tena. Toka siku hiyo hachori kitu, anakanyaga cherehani mpaka giza linaingia, na ngoma siisikii tena, nasikia cherehani tu. Mimi naona ni dhamiri inaniadhibu, inanitapisha kile nilichokitetea na kunitamanisha kile nilichokitukana.

Mama Geneviève, nifanyeje? Nikiomba msamaha, ni kama kusema kwamba sayansi ni uongo, na namba nimezisoma kwa macho yangu. Nisipoomba, nampoteza mama mkwe, na sasa naogopa nampoteza hata Rémy wangu, ambaye nampenda mpaka nikiandika jina lake kalamu inapinda. Nisaidie kabla Jolie hajachukua mwiko wake.

Ni mimi,
Bibi-harusi wa mwiko wa kuazima, Rugenge

*

Mama Geneviève anajibu

Binti yangu, uliniomba nisitaje jina lako, na sitalitaja. Lakini umetaja mume, kazi yake, mama yake, jirani yako, mtaa wako na kitambaa kilicho nyuma ya suruali. Toussaint, anayenisaidia na mitambo hapa studio, alikukumbuka kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa kwanza, anasema yeye amewahi kushonewa shati hapo mlangoni. Kwa hiyo tuache kujificha, tuzungumze.

Kwanza hongera. Nasoma barua nyingi za watu waliochokana, na mke anayempungia mkono mume aliye umbali wa mlango na baraza sijawahi kumpata. Shika hapo hapo. Sasa kaa vizuri, nakugombeza.

Unasema sayansi. Sayansi gani hiyo, binti yangu? Umepima kijiko kimoja cha mayonezi, halafu ukapima avoka nzima. Wewe ni mke wa fundi! Mteja mmoja akipimwa kidole na mwingine akapimwa mwili mzima, utasema huyu wa pili ni mnene? Namba zako ni za kweli, zote mbili, ila umezisimamisha kwenye mizani mbili tofauti, na mama wa watu akalala njaa.

Vipime kwa uzito mmoja. Chukua gramu mia za mayonezi ya kopo: karibu robo tatu yake ni mafuta. Chukua gramu mia za nyama ya avoka: mafuta ni kama gramu kumi na tano, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kwa hiyo mayonezi ndiyo inayoishinda avoka kwa mafuta, karibu mara tano, na nguvu ya kunenepesha ni zaidi ya mara nne. Avoka ina nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, mayonezi haina. Avoka ina potasiamu na asidi foliki, na chumvi karibu haina kabisa. Mayonezi imetiwa chumvi. Sisemi mayonezi ni sumu, maana ni mafuta ya mimea, mayai na siki, na kijiko kimoja juu ya kabeji hakijavunja nyumba ya mtu. Lakini ule moyo uliogusa kingo za sahani ulikuwa kijiko kimoja? Uchore tena, halafu uuchote kijiko kwa kijiko, uniambie umefika wapi. Kopo lenu haliioni Jumapili, wewe mwenyewe umeandika.

Na kuna kitu kingine ambacho hata mtu asiyejua gramu angekuuliza. Avoka zote ulizigawa. Rémy hakuzila. Tangu lini mwanamume akanenepa kwa chakula kilichopita mlangoni kwake kikaingia kwa jirani? Kama avoka ndiyo ingekuwa na kosa, leo ni Jolie angekuwa anafumua viuno. Jolie, kama unasikiliza, nawe umenikasirisha: unakula za mwenzako huku unazichongea. Mwiko wako utaupata, subiri.

Kwa hiyo ukiomba msamaha hutaikana sayansi. Utakuwa unairudia, safari hii sawasawa.

Rémy, najua cherehani imesimama na unasikiliza. Mti ni wako, kitovu ni chako, mama ni wako, mke ni wako, na katikati ya haya yote wewe ukatumia mguu. Mguu hauna mdomo, baba. Bibi-harusi anayekupenda hivyo ukimkanyaga chini ya meza atafikiri unamchezea, hata mimi ningefikiri hivyo. Ungesema neno moja, "Chérie, huo ni mti wangu," na mwiko leo ungekuwa jikoni. Kosa mligawane, na sehemu yako isiwe ndogo.

Sasa fanyeni hivi. Jumamosi hii nendeni Makobola, wawili, asubuhi na mapema. Kopo libaki kabatini. Binti yangu, ukifika usianze kueleza. Usitaje gramu. Usimwambie "kwa uzito mmoja, Mama". Yule mama hakukasirikia hesabu, alikasirika kwa sababu alikuwa anamlisha mwanawe kutoka kwenye mti wake, ukamwambia unamlinda mwanawe dhidi ya mti huo. Piga magoti namna mnavyosalimia huko, useme, "Mama, nimekuja kula." Maneno matatu. Kisha ule, na ule kweli. Kwa unavyolamba maganda naona hapo hutahitaji kuigiza.

Ukishakula, mwombe akuonyeshe namna avoka inavyopondwa. Ipondwe kwa uma, ikamuliwe ndimu, itiwe chumvi kidogo, kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo, na pilipili kwa anayeipenda. Hiyo imwage juu ya kabeji na karoti zako. Ndiyo mchuzi wa saladi huo, umetoka mtini. Rémy atachora moyo wake kwa hiyo kila jioni, utakuwa wa kijani, na akitaka ule mweupe achore siku ya sikukuu, mdogo, wa kijiko kimoja cha kweli. Hata mweupe usizidi, na wa kijani nao usiwe wa avoka nne, maana avoka nayo ina mafuta yake, mazuri lakini yapo. Kiuno kitarudi polepole, na Rémy aache kukaa kwenye cherehani kutwa nzima, atembee hata mpaka ziwani.

Nimebakiza jambo la mwisho, na hapa Toussaint ametolewa studio kidogo.

Binti yangu, umesoma biolojia. Umeniandikia kwamba harufu inakuchafua tumbo, asubuhi hasa, na kwamba unatamani ambacho hukuwahi kukitamani, kwa chumvi, umesimama nyuma ya mlango wa watu. Ukasema ni dhamiri. Mimi nimezaa, na nimewahi pia kuwa na dhamiri mbaya, na nakuambia hizo mbili hazifanani. Dhamiri hainusi. Dhamiri haisubiri asubuhi. Redio si daktari, kwa hiyo sisemi neno, ila kabla ya kupanda gari la Makobola pita kituo cha afya, upimwe, na Rémy akusindikize ajue kwamba ulipokimbia hukuukimbia moyo wake. Na kama watakuambia ninachokifikiria, ile asidi foliki niliyoitaja ndiyo wanayoisifia sana kwa wanawake wa hali yako, watakupa na vidonge vyake. Uvimeze, avoka isikufanye uvidharau.

Ukifika Makobola, ukila avoka ya kwanza, kokwa usilitupe. Lioshe, lishike mkononi, uendelee kuzungumza mambo mengine. Usiseme kitu. Mama Agathe atalitazama, atakutazama usoni, na mwiko ataufuata ndani mwenyewe.